Mtu Aliyefundisha Farasi Kusimama

Ambrose Gilliver hakuwahi kunywa chai akiwa ameketi. Alishika kikombe mkono wa kushoto na mkate mkono wa kulia, akaizunguka meza ya jikoni, akisema na mkewe, akisema na mbwa, akisema na dirisha. Kwa miaka mitatu niliyopanga chumba cha juu nyumbani kwao, kijijini Skelby, Uingereza, nilijua saa kwa miguu yake: alfajiri ngazi, saa moja mawe ya uani, saa sita mchana jikoni, raundi kumi au kumi na mbili, kisha mlango. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mfupi, miguu imepinda kwa nje, na nyonga ya kulia ilikuwa imevunjika mara mbili. Hata hiyo nyonga haikumtuliza. Ilimfanya tu atembee kwa kelele zaidi.

Na kazi iliyomlisha tangu ujana ilikuwa kufundisha farasi kusimama.

Wasioujua uwindaji wa mbweha, ambamo watu juu ya farasi hulifuata kundi la mbwa, hudhani farasi wake husifiwa kwa mbio na kuruka. Kila vuli walikuja wanunuzi kutoka London, wamevaa makoti mazuri, na swali lao lilikuwa moja: huyu anaruka juu kiasi gani? Ambrose hakujibu. Alimpandisha mnunuzi juu ya farasi katikati ya uwanja, akamwambia, "Kaa hapo robo saa. Usimwambie kitu." Kisha akaenda zake kuchota maji. Wengi walishuka baada ya dakika nne, wamechoka wao, si farasi.

Nimekaa na watu wa farasi katika nchi kadhaa. Kwenye nyika za Wamongolia nilisikia mnyama akisifiwa kwa sababu bwana wake aliweza kulala juu yake akafika nyumbani. Omdurman, Sudani, nilimwona mzee mmoja akinusa pumzi za farasi kabla ya kutaja bei. Skelby walianza chini. Walishika mguu wa mbele chini ya goti, wakapima unene wa mfupa kwa kiganja, ndipo macho yakapanda: bega lililolala vizuri, kifua kirefu chenye nafasi ya pumzi, kiuno kifupi. Baada ya hapo wakaanza kuuliza mambo yasiyoonekana. Ana akili ya kujiokoa akiteleza kwenye ukingo wa mtaro? Atasubiri mtu afungue lango, au atamvunja goti kwenye nguzo? Anaweza kuwaacha wenzake na kwenda peke yake? Maana siku ya kuwinda ina saa sita, na nne kati ya hizo ni kusubiri kando ya kichaka, mvua ikinyesha, mbwa wakipenya katikati ya miguu ya farasi, watu wakipitishiana chupa. Farasi asiyejua kusubiri amekwisha kabla mbweha hajatoka.

Juu ya yote kulikuwa na sharti moja. Farasi asimpige mbwa teke. Akimkanyaga askofu, jioni watu watacheka. Akimpiga mbwa, bwana wake anavua kofia, anaomba radhi, anarudi nyumbani saa hiyo hiyo, na kuanzia siku hiyo mkia wa farasi unafungwa utepe mwekundu ili watu wakae mbali. Akirudia, hatoki tena.

Basi, mwezi wa Oktoba mwaka wa hamsini na saba, Ambrose alikwenda kwenye banda la mbwa kuchukua unga wa mbwa wawili wachanga. Desturi ya huko ni kwamba mbwa wa kuwinda hawakui bandani. Wanagawiwa kwa nyumba za mashamba walelewe mwaka mzima, wapate adabu, ndipo warudishwe. Edith, mke wa Ambrose, alikuwa akilea wawili. Kule bandani Ambrose aliona farasi jike, rangi ya kahawia inayokaribia weusi, amefungwa kwenye ukuta wa nyuma, mahali wanapofungwa farasi wa kuchinjwa. Mbwa sitini wanakula nyama kila siku, na nyama hiyo inatoka mahali fulani.

Mpiga pembe, Walter Freer, alikuwa pale akinoa kisu. Yeye ndiye aliyewaongoza mbwa wa eneo lile kwa misimu ishirini na mitatu: mrefu, mkimya, mwenye kukaa juu ya farasi bila hata kupepesa. Aliwajua mbwa wote sitini kwa majina na kwa sauti zao.

"Huyu naye kafanya nini?" Ambrose akauliza, miguu tayari inazunguka.

"Kampiga mbwa teke. Huko kaskazini, kwa watu wengine. Taya limevunjika."

"Ana miaka sita huyu, Walter."

"Najua kuhesabu meno, Ambrose."

"Hebu tazama hilo bega. Tazama mfupa huu. Kuna watu wangeuza mama zao wapate mfupa kama huu."

"Mbwa hawaangalii bega. Wanakula tu."

"Nipe mimi."

"Umfanyie nini?"

"Nimtengeneze. Utampanda wewe mwenyewe."

Walter aliacha kunoa. Wiki mbili nyuma farasi wake bora alikuwa ametumbukiza mguu kwenye shimo la sungura, ukavunjika, na kundi la wawindaji halikuwa na fedha za kununua mwingine wa maana. Lakini alimpenda kila mbwa kama mtoto wa kumzaa.

"Mimi nimpande farasi anayepiga mbwa? Si afadhali nimpe mbweha bunduki tuyamalize."

"Hapigi. Anaogopa. Ni vitu viwili."

"Kwa mwenye taya lililovunjika ni kitu kimoja." Walter akamtazama yule farasi kwa muda mrefu. "Haya. Mpaka Krismasi. Nikimpanda akatulia, atakuwa wangu na ataishi. Asipotulia, anarudi ukutani pale. Na usije kwangu na maneno mengi, maana nakujua."

Hivyo ndivyo yule farasi alivyofika Skelby, kwa mguu, maili sita, Ambrose akimwongoza na kumwimbia. Edith alimwita Damson, kwa jina la zambarau ndogo chungu zilizoota nyuma ya nyumba, kwa sababu ya rangi yake.

Wiki sita Ambrose hakufanya kingine. Asubuhi alimpeleka barabarani peke yake, mbali na farasi wengine, maana mpiga pembe huenda wasikokwenda wengine. Alimfundisha kusogea ubavu hadi kwenye komeo la lango na kungoja. Alipuliza pembe ya shaba karibu na masikio yake, kwanza kwa upole, kisha kwa nguvu zilizoamsha kuku wa jirani. Mchana alimpanda uani, akakaa juu yake saa nzima, wale mbwa wawili wakimng'ata kwato na kupita chini ya tumbo. Ambrose alikula juu yake. Alipiga soga na mimi, alipiga vidole kwenye tandiko, alijikuna, aligeuka nyuma kumkemea jogoo, aliimba nyimbo za kanisani kwa maneno yasiyo ya kanisani. Damson hakutikisika. Mwisho wa Novemba mbwa mmoja alilala katikati ya miguu yake ya nyuma, na farasi akafumba macho.

"Umeona?" Ambrose aliniambia. "Huyo ni muuaji, eti. Muuaji gani huyo anakoroma?"

Akatangaza kijiji kizima. Akamtumia Walter salamu kwamba mambo ni tayari.

Siku ya kujaribu ilikuwa Jumanne ya pili ya Desemba. Ambrose alimpanda Damson asubuhi, akakaa nyuma ya kundi, na farasi akawa na adabu za bibi arusi. Saa sita Walter alikuja, akashuka kwenye farasi wake, akampanda Damson, akaenda naye hadi kwenye kona ya kichaka cha miiba mlimani. Akawatuma mbwa ndani. Kisha akatulia.

Hapa nieleze kitu kimoja kuhusu kazi ya Walter. Kichaka kina ekari kumi na tano za miiba, mbwa wamepotea humo, na yeye hawaoni. Anasikia. Kwa kilio kimoja kifupi anajua ni mbwa gani, kama ni mwongo au mkweli, kama mbweha anaelekea juu au chini. Kwa hiyo hakohoi wala hasogezi mguu. Farasi wake asitafune hata lijamu, maana chuma kikigonga jino, yeye amepoteza neno.

Walter akakaa juu ya Damson hivyo, kama mtu aliyechongwa kwenye mti. Dakika ya kwanza farasi alisimama. Ya pili, masikio yalianza kwenda huku na huku. Ya tatu ngozi ya mabega ilitetemeka ingawa hakukuwa na nzi. Akasogea hatua. Walter akamrudisha bila neno. Akasogea mbili. Jasho likatoka shingoni, mchana wa baridi kali. Kisha mbwa jike mzee aitwaye Ruby akatoka kichakani, akapita nyuma yake, na sote tukaona mguu wa nyuma ukipanda kutoka ardhini na kuning'inia hewani.

Haukupiga. Ulikaa hewani muda wa pumzi tatu, ukashuka.

Walter alishuka papo hapo.

"Hakumpiga," Ambrose akasema. Alikuwa amefika mbio, licha ya nyonga yake.

"Alifikiria kumpiga. Nilimsikia akifikiria."

"Walter, haki ya Mungu nakwambia, nyumbani huyu—"

"Panda."

Ambrose akapanda. Damson akashusha pumzi ndefu, akainamisha shingo, akasimama imara kuliko nguzo ya lango, juu yake Ambrose akihema, akilalamika na kurusha mikono.

Percy Beeby, anayempelekea Walter farasi wa pili kila mchana, wa kwanza akichoka, mtu wa miaka arobaini mwenye mdomo usiopumzika, akaona ni haki yake kusema. "Bwana Freer, labda humnong'onezi maneno matamu. Mwenzio hapo anamwimbia kila siku."

"Nyamaza, Percy." Walter alikuwa anafunga kamba za farasi wake mwenyewe. "Nilisema Krismasi, na neno langu ni moja. Siku ya pili ya Krismasi, mbele ya umma wote, nitampanda tena mara moja tu. Akinisumbua, Percy anamchukua moja kwa moja bandani. Sitamrudisha kwako, Ambrose. Nikimrudisha utanililia mpaka Pasaka."

Jioni ile Ambrose alizunguka meza hadi nikaona kizunguzungu. Walter ana mikono mizito. Walter ana harufu ya nyama. Walter hampendi farasi, anapenda mbwa tu. Edith alikuwa anamenya viazi. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na minane, aliyekamua ng'ombe maisha yake yote ya ujana, na sikuwahi kumwona akiharakisha.

"Keti," akasema.

"Nimeketi."

"Umeegemea kabati. Keti kwenye kiti, hapa, mbele yangu."

Akaketi. Haukupita muda vijiko vikaanza kulia kwenye visahani.

"Ambrose, tazama mguu wako."

"Una nini?"

"Unatikisa meza tangu ulipoketi. Huo ndio mguu anaoujua yule farasi. Wiki sita umekaa juu yake ukiimba, ukijikuna, ukigombana na jogoo. Kwake yeye hiyo ndiyo amani. Ukichezacheza, basi hakuna hatari. Sasa anakuja Walter, ambaye hata kupumua anapumua kwa zamu. Farasi anajiuliza, huyu kanyamaza kwa nini? Kaona nini ambacho mimi sijakiona?"

Mguu wa Ambrose ulisimama, kisha ukaanza tena wenyewe.

"Miaka arobaini, Edith. Farasi wangu wote wamesimama."

"Wote umewauzia watu wa London. Wanatapatapa kama wewe."

Kesho yake alianza kujifunza kutulia. Sijui kama niliwahi kuona mtu akifanya kazi ngumu zaidi ya hiyo. Alimpanda Damson uani, akaweka mikono kwenye mapaja, akaniomba nishike saa. Sekunde arobaini. Sekunde hamsini. Siku ya tatu alifika dakika mbili, na alipofika hapo uso wake ulikuwa wa kijivu na jasho lilimtoka chini ya kofia. Chini yake farasi alitetemeka mwili mzima.

Nilijua kidogo sababu yake. Alinisimulia mara moja, tukitembea, maana mambo ya moyoni aliyasema akitembea tu. Mwaka wa kumi na sita, katika vita kuu ya kwanza, alikuwa Ufaransa, askari wa kushika farasi. Kila mtu alishika wanne, wawili kila mkono, na amri ilikuwa kusimama. Mizinga ikaanza kupiga barabara. Amri haikubadilika. Alisimama saa moja na dakika ishirini, na mizinga iliponyamaza, mikononi mwake walikuwa wamebaki farasi wawili, na upande wake wa kushoto hapakuwa na mtu. Aliniambia hivyo kisha akaonyesha ua wa miiba, akasema umekatwa vibaya, fundi alewe siku nyingine.

Kwa hiyo farasi hakukosea. Ambrose akinyamaza, kweli alikuwa anaogopa.

Edith alikuwa mlangoni, akikausha mikono kwa aproni. "Shuka," akasema. "Nileteeni kigoda."

"Hujapanda farasi tangu mwaka wa thelathini na moja!"

"Sipandi. Nakaa."

Tulimpandisha sisi wawili, kwa shida na kwa kicheko ambacho yeye hakushiriki, akiwa na koti la baridi, aproni na kofia yake ya kwenda kanisani. Akashika hatamu kwa mkono mmoja, akaweka mwingine juu ya tumbo lake, akatazama mbele. Damson akatetemeka. Akasogea hatua, akarudi, akazunguka nusu, akapiga kwato kwenye mawe. Edith hakumkemea wala kumbembeleza. Alingoja kama anavyongoja unga uumuke: alijua utaumuka, na kuutazama kwa hasira hakuuharakishi. Dakika ishirini farasi alicheza. Kisha akachoka. Edith akashuka, akarudi kwenye viazi.

"Kesho tena," akasema. "Na wewe Ambrose usiwepo."

"Kwa nini nisiwepo? Ni farasi wangu!"

"Ukikanyaga jiwe moja tu, sikio linakufuata. Anakungoja wewe umwambie kwamba hakuna kitu. Sasa anatakiwa ajue mwenyewe."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Kila asubuhi na kila alasiri Edith alikaa, na kila mara Ambrose alifukuzwa. Alitembea. Alikwenda hadi kijiji cha pili na kurudi, akaziba matundu ya nyua ambazo si zake, akarekebisha komeo la lango la mtu aliyegombana naye tangu vita. Nilimfuata mara nyingi, na mimi si mtu wa kukaa, lakini alinichosha. Siku ya tano tulikutana na Percy Beeby njiani, juu ya farasi wa kundi.

"Mzee Ambrose! Nasikia siku hizi mkeo ndiye anafunza farasi, na wewe unafunza barabara."

"Barabara ina akili kukushinda."

"Lakini kweli, si umwambie Walter atikise mguu kidogo? Aimbe hata wimbo mmoja. Farasi atapoa, mambo yatakwisha."

"Mpiga pembe hatikisi mguu, Percy. Umemtumikia miaka tisa hujui anafanya nini pale? Anasikiliza." Akapita, kisha akageuka na kurudi nyuma hatua tatu. "Umepita kwetu? Umemwona?"

"Nimechungulia juu ya ukuta."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Nani, mkeo au farasi?"

"Percy!"

"Hakuna aliyekuwa akifanya kitu. Nilidhani wamekufa wote wawili."

Ambrose akatembea kwa kasi ambayo nyonga yake haikuruhusu.

Siku ya pili ya Krismasi ndiyo siku mbaya kuliko zote kumjaribu farasi, na Walter aliichagua akijua. Wanakuja watu mia tatu ambao hawaji siku nyingine: wenye motokaa, wenye vigari vya watoto, wajomba walevi, watoto wenye pembe za bati walizopewa zawadi jana yake. Ambrose alimleta Damson hadi uwanja wa kijiji, akavuta kanda za tandiko, akalegeza, akavuta tena. Mvua ndogo ilikuwa ikinyesha. Walter alifika na mbwa, akavua kofia kwa Edith, akampanda farasi bila kumtazama Ambrose.

"Sasa nenda nyumbani," Edith akamwambia mumewe.

"Nitasimama nyuma ya ua tu. Hataniona."

"Wewe? Usimame?"

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Ambrose hakucheka. Alimtazama Damson, na Damson akageuza kichwa akamtazama yeye, na mbavu za farasi zikaanza kwenda mbio. Ambrose akaliona hilo. Akageuka, akaondoka bila kuaga, akipita katikati ya vigari na motokaa huku akisukuma watu kwa kiwiko, na mimi nikamfuata.

Nyumbani hakukuwa na kazi. Alitengeneza moja: akatoa hatamu zote ukutani akazisugua, akazirudisha, akazitoa tena. Saa tano tulisikia pembe upande wa mlima. Saa tano na nusu, kimya. Akaenda hadi langoni, akarudi.

"Angekuwa amekwisha kumkataa," akasema. "Angemkataa dakika tano za kwanza."

Baada ya muda: "Lakini akimkataa hamrudishi huku. Alisema. Anampeleka moja kwa moja."

Saa sita Edith alirudi kwa miguu, kofia imelowa. Alikuwa ameona wakielekea kwenye kile kichaka cha miiba, basi. Watu walijaa mbele yake. Akakata pai ya nyama ya nguruwe, akaweka sahani tatu, na hakuna aliyekula. Pembe ikalia mbali sana, upande mwingine kabisa wa bonde, kisha haikusikika tena. Saa saba. Saa saba na nusu. Ambrose alikuwa ametoka na kuingia mara nyingi hata Edith akauacha mlango wazi, baridi ikaingia, wala hakulalamika.

Saa nane na nusu Percy Beeby alitokea njiani juu ya baiskeli. Mbele yake, juu ya usukani, alikuwa amepakia tandiko la Ambrose, limelowa.

Edith aliweka kisu mezani. Ambrose alikuwa kizingitini. Tandiko bila farasi lilikuwa na maana mbili, na sote tulizijua zote mbili.

Percy akaegemeza baiskeli ukutani, akaingia, akalilaza tandiko kwenye kiti, akapuliza vidole.

"Hamna chai katika nyumba hii?"

"Percy," Ambrose akasema, "nitakuua kwa mikono yangu."

"Basi, basi. Kile kichaka walikaa dakika arobaini. Arobaini, mzee. Mbweha hakutaka kutoka. Watoto wanapuliza pembe zao za bati, Bwana Mkubwa wa uwindaji anatukana, farasi wote wanapiga kwato. Walter yuko kwenye kona yake."

"Alisimama?"

"Alisimama. Mbwa wakawa wanatoka na kuingia kati ya miguu yake. Yule bibi kizee Ruby akaona mvua imezidi, akaja akakaa chini ya tumbo lake kabisa, kama yuko kibandani."

"Akafanya nini?"

"Akainua mguu."

Nilisikia mvua kwenye mabati ya banda.

"Wa nyuma, wa kulia," Percy akaendelea, na sasa hakuwa akitania. "Nilikuwa hatua kumi, nikaona. Nikasema, haya, leo mimi ndiye wa kumpeleka. Akauinua taratibu, akautoa pembeni kidogo, akauweka chini. Kumbe mkia wa Ruby ulikuwa chini ya kwato. Alikuwa anamwondolea mkia, mzee. Ruby hata hakuamka."

"Na Walter?"

"Walter hakujua. Alikuwa anasikiliza. Nakwambia, yule mtu alisahau kama ana farasi chini yake. Kisha mbweha akatoka kwa nyuma, na yeye peke yake ndiye aliyejua, akaondoka nao, wakaruka ule ua mkubwa wa bonde kabla sisi hatujageuza vichwa. Mchana nilipompelekea farasi wa pili alikataa kushuka. Alinirudisha naye. Miaka tisa, sijawahi kuona."

Ambrose alikuwa amesimama katikati ya jikoni. Edith alikuwa amegeukia dirishani, akijifuta uso kwa aproni kama mtu aliyekuwa karibu na moshi wa jiko.

"Mbona umeleta tandiko?"

"Walter anampimia tandiko lake mwenyewe. Amemchukua farasi, ndilo neno alilonituma." Percy akashika kofia yake, akaizungusha. "Na lingine. Anasema usije bandani kumwona. Usipite hata barabara ya kule, mpaka msimu uishe. Akikusikia tu, anasema, atakumbuka mambo yenu ya zamani, na kazi ya Mama Edith itapotea."

"Mpaka Machi?"

"Mwisho wa Machi."

Ambrose alilitazama tandiko, akatoa nywele moja nyeusi iliyonasa chini ya kamba, akaitia mfukoni mwa fulana. Edith akamwagia Percy chai, akamsogezea pai.

"Mwambie Walter," Ambrose akasema mwishowe, "akishafunguliwa lango anapenda kutokea kushoto. Asimlazimishe kulia. Amwache."

"Ameshajua," Percy akasema, akanyoosha mkono kuchukua kipande cha pili.